Kura Ni Siri, Lakini Fundi Tuambie Tu

Kinyozi alinivizia nusu kichwa. Hawa watu wana akili. Hakuulizi ukiingia, hakuulizi akikufunga lile shuka shingoni. Anangoja upande wa kushoto umekwisha, wa kulia bado, mashine inanguruma kando ya sikio, ndipo anapunguza redio na kusema kwa upole: "Fundi, 2027 sisi tuko wapi?"

Sisi. Hebu lisikilize hilo neno. Sijui mimi na yeye tulianza kuwa sisi lini. Mimi huenda hapo mara moja kwa mwezi na bado ana chenji yangu ya shilingi hamsini. Nikamwambia mimi niko hapa kwenye kiti chako. Akacheka, lakini mashine akaishika juu hewani, akingoja. Vijana wawili kwenye benchi wakaacha simu zao. Unatokaje mahali ukiwa nusu kichwa?

Nikasema, "Tumwombe Mungu tu atupe kiongozi mzuri." Hilo ndilo jibu langu la akiba, natembea nalo kama kitambulisho. Likapita. Akanimalizia kichwa, ila huo upande wa kulia, ukiutazama vizuri, hakuutendea haki kama wa kushoto.

Na uchaguzi wenyewe ni tarehe 10 Agosti 2027! Ibara ya 38 ya Katiba ya Kenya inasema nina haki ya kupiga kura ya siri. Sawa. Lakini Katiba haijawahi kupanga chumba kwenye ploti ya milango kumi na miwili hapa Nakuru, mfereji mmoja, vyoo viwili. Hapa kwetu siri ya mwisho ilikuwa mwaka 2019, na hiyo yenyewe haikufika saa nne asubuhi.

Zaidi ya hayo, nchi hii kura yako inajulikana kabla hujaipiga. Wanatumia jina la pili. Ukijitambulisha kwa la kwanza, mtu anabaki amekuangalia tu. "Nani tena?" Ukimpa la pili anatikisa kichwa polepole, ameshakuhesabia, ameshakufungia ndani ya debe. Sasa jina langu la pili linavuta huku, la mke wangu linavuta kule. Mtoto alipozaliwa tukamwita Imani, tukaishia hapo. Tangu siku hiyo mimi ni Baba Imani, na wajumlishaji wa mtaa wamenishindwa.

Mwaka 2022 waliamua kunijumlisha kwa vifaa vya kazi.

Mimi ni fundi wa mawe, nina wilbaro. Niliinunua 2016, kuukuu, gurudumu limetiwa viraka mara tatu. Ilikuwa chombo cha kubebea mchanga, haina maoni yoyote. Halafu UDA, watu wa Ruto, wakaifanya alama ya chama chao na hakuna aliyekuja kuniuliza. Asubuhi moja naisukuma kwenda mjengo, watu wa bodaboda wananipigia honi: "Hasla! Hasla!", jina walilojiita wafuasi wa chama hicho. Nikainua mkono, adabu tu. Steji iliyofuata kijana akatema mate hatua moja kutoka kwenye kiatu changu. Kesho yake nikaifunika kwa gunia. Ikawa mbaya zaidi. Wale wa honi wakasema anakionea aibu chama, wale wa mate wakasema si mnaona, anaficha.

Mama Imani naye anauza matunda, na tunda linalomtoa zaidi ni machungwa. Chungwa ndiyo alama ya ODM, chama cha hayati Raila Odinga, na lilianzia kwenye ile kura ya maamuzi ya Novemba 2005, ndizi ikiwa ndiyo, chungwa likiwa hapana. Mama mkwe alikuwa na meza ya matunda mwaka huo. Hadi leo akisimulia huwa anashika kiuno. Wateja wa ndizi hawakutaka ndizi iliyoguswa na mkono ulioshika chungwa, wa chungwa hawakutaka hata kusimama mahali palipo na ndizi. Ndizi zikamwivia, zikamwozea. Mwishowe akauza maparachichi matupu mpaka matokeo yakatangazwa.

Basi Jumamosi moja ya Julai 2022 Mama Imani amenunua gunia la machungwa Soko la Wakulima, na mikokoteni yote imekodishwa kwenda kwenye mkutano wa siasa. Akanipigia simu nije na wilbaro. Nikaja, tukapakia, tukashika njia. Machungwa juu ya wilbaro, mchana kweupe, katikati ya kampeni.

Sijawahi kuona mji ukinyamaza namna ile. Steji ya kwanza walianza kupiga honi, wakaziachia katikati. Steji ya pili yule kijana wa mate alijiandaa, akaona machungwa, akameza. Mzee mmoja akavua kofia akauliza kwa wasiwasi, "Kwani kumekuwa na handisheki nyingine, kama ile ya Uhuru na Raila 2018?" Tulipofika kwenye matuta chungwa moja likaruka, likabiringika mpaka miguuni pa jamaa aliyevaa fulana ya njano ya kampeni ya UDA, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Akaliangalia. Akatazama huku, akatazama kule. Akaliokota haraka, akalitia mfukoni, akaendelea kupiga filimbi kama hakuna kitu.

Huyo nilimwelewa kuliko ndugu yangu wa damu.

Kuna watu watasema, kwani waogopa nini, sema msimamo wako kama mwanamume. Hao hawakuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Mimi nilikuwa kijana wa nyumbani, na mama alitufundisha kulala na viatu. Jirani aliyetuletea chapati za Krismasi alikuja usiku, bila taa, kutuambia mlango wetu umetajwa, tutoke. Hakusema nani aliutaja, nasi hatukumuuliza alijuaje. Tulitoka. Mpaka leo sisi watoto wake tukianza siasa kwa sauti, mama huinuka akafunga dirisha, hata kama ni joto, hata kama tunazungumza habari za Marekani.

Baba mkwe ndiye hunicheka. Anasema mmepewa kibanda cha kujificha, bado mnalalamika. Yeye alipiga kura ya mlolongo mwaka 1988, ule mchujo wa KANU, chama pekee wakati huo, mnapanga foleni nyuma ya mgombea wenu peupe, chifu amesimama anaangalia visogo. Mgombea mmoja alikuwa binamu yake. Mwingine alikuwa anamdai. Mzee akafikiri, akasimama nyuma ya anayemdai. Binamu hakumsemesha tena mpaka vyama vingi viliporudi. "Na hilo si kitu," anasema. "Mstari wetu ulizunguka mti ukarudi, ule mwingine ulikuwa mfupi kama foleni ya choo. Wakatangaza mfupi ndio mrefu. Nikapoteza binamu, nikapoteza kura, deni likabaki."

Kwa hivyo 2022 nikatafuta dawa. Wagombea wa urais walikuwa wanne. Ruto na Raila ndio ugomvi wenyewe, nikimtaja yeyote nimejimaliza upande mmoja wa ploti. Wa tatu, Profesa Wajackoyah, alikuwa anaahidi kilimo cha bangi na ufugaji wa nyoka. Nikimtaja huyo, mama mkwe ataanza kunipekua mifuko. Wa nne ndiye aliyenifaa: David Waihiga Mwaure wa chama cha Agano, wakili, tena mchungaji. Nani atagombana nawe juu ya mchungaji?

Ikafanya kazi kama dawa ya mbu. "Fundi, wewe ni nani mwaka huu?" "Mwaure." Kimya. Mtu anafungua mdomo, hana pa kuanzia, anaufunga. Kinyozi alininyoa pande zote mbili sawasawa. Fomani wa mjengo, aliyekuwa amenisakama wiki nzima, alinitazama kwa huruma kama mtu aliyefiwa, akanimegea chapati yake. Nikasema mbona sikujua hii zamani.

Tarehe 9 Agosti nikaamka saa kumi usiku, foleni, kidole kwenye mashine, karatasi sita za rangi sita. Nikaingia kwenye kile kibanda cha kadibodi, nikainama mpaka pua ikagusa karatasi ya rais, nikaweka alama yangu, nikakunja. Nani? Hata wewe msomaji! Nilidhani mimi na wewe tumeelewana.

Nikatoka na wino wangu kwenye kidole cha mwisho, nimetulia, siri yangu iko ndani ya sanduku limefungwa kwa vifungo vya plastiki. Kitu nilichosahau ni fomu 34A.

Hiyo fomu ndiyo adui. Kila kituo kinahesabu kura zake palepale, mawakala wanatia sahihi, nakala moja inabandikwa mlangoni, na mwaka huo tume ya uchaguzi ikazipiga picha zote na kuzitia kwenye intaneti, vituo 46,229, kila mwenye simu ajionee. Vizuri sana kwa uwazi, sikatai. Lakini kituo kimoja hakizidi watu 700. Kura milioni 14 za nchi zinaweza kumficha mtu. Kura mia nne za darasa la tatu, ambazo nusu ya wenyewe mnachangia choo, zitakufichaje?

Alhamisi jioni tuko kwenye mfereji. Keateka, mwangalizi wa ploti, ana simu yenye kioo kilichopasuka, amefungua fomu za shule yetu. Shule ilikuwa na vituo vitatu, wametugawa kwa herufi za majina. Akasoma cha kwanza: huyu mia mbili na ngapi, yule mia na ngapi, Wajackoyah mbili, watu wakacheka, wakaanza kutajana. Mwaure? Sifuri.

Nikashusha pumzi. Herufi yangu iko darasa la mwisho. Niliona mama wa mlango wa nne ameweka chini mtungi wake, lakini sikutia maanani.

Cha pili. Mwaure sifuri. Hapo keateka mwenyewe akakohoa.

Cha tatu kilikataa kufunguka. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, na mimi nikaomba mtandao upotee Nakuru nzima. Kikafunguka. Wajackoyah moja. Mwaure sifuri. Imechorwa vizuri, mviringo kama yai. Karani aliyeiandika hakuwa na haraka.

Nikajua leo nimeumbuka. Nikageuka polepole nione nani ananitazama. Hakuna. Mama wa mlango wa nne anautazama mtungi. Mwalimu wa mlango wa tisa anatazama kandambili zake. Keateka anafuta kioo kwa kidole gumba, kana kwamba ile sifuri ni vumbi. Na Mama Imani, mke wangu niliyemuoa kanisani mbele ya mashahidi, anatazama mawingu.

Ndipo ikaniingia. Wote walikuwa wanasema Mwaure! Mama Imani aliwaambia wenzake wa chama cha akina mama. Mwalimu aliambia ofisi ya walimu. Keateka alimwambia mwenye ploti. Watu watano tuliompigia mchungaji kura kwa mdomo, mchungaji hajaona hata moja. Baadaye tume ikatangaza amepata kura 31,987 nchi nzima, na hapo kwetu ndipo hazikutoka.

Ndoo ya mtu ikajaa, ikafurika, maji yakatufikia miguuni. Hakuna aliyefunga mfereji. Mwishowe mwalimu, mtu aliyesoma, akasema: "Lakini hiyo simu yako imepasuka hapo hapo kwa Mwaure." Sote tukaitikia kwa sauti moja. Ni kioo! Kweli kabisa, ni kioo. Keateka akakubali kuwa atakibadilisha mwisho wa mwezi.

Usiku taa imezimwa, Mama Imani akaniita. "Baba Imani."

"Mm."

"Wewe kwani kwa kweli..."

"Lala."

Akalala. Mpaka leo hatujaulizana tena, na ndoa inaendelea vizuri.

Sasa Jumapili iliyopita keateka ameitisha mkutano mdogo pale mfereji, sisi watano wale wale, bila kusema ajenda. Akasogea, akashusha sauti. Akasema jamani, 2027 hiyo. Tutahitaji mtu wa kutaja, mtu mpole, asiye na kelele. Ila safari hii lazima apigiwe kura kweli. Moja tu, ionekane kwenye fomu, halafu kila atakayeulizwa aseme ile moja ni yangu.

Tukasifu. Akili kubwa hiyo. Mwalimu akakumbusha kwamba kwa ajili ya herufi zetu tuko madarasa matatu, kwa hivyo zitatakiwa kura tatu, si moja. Tukasema sawa, tatu. Keateka akauliza nani watajitolea.

Mama wa mlango wa nne akakumbuka maharagwe jikoni. Mwalimu ana vitabu vya kusahihisha, rundo hili. Keateka mwenyewe akaanza kuangalia kama paa linavuja, na mvua haijanyesha mwezi mzima. Mama Imani akaniangalia. Nami nikamwangalia.

Nikawaambia mnisamehe, nimeitwa na kinyozi, kuna upande wa kulia hakuumaliza.