Ringmaster hastahili kuchekwa

Kila mashabiki wa katuni za Marvel wanapotaja maadui dhaifu, jina la Ringmaster halikosi. Wanamcheka kwa kofia yake ndefu na vazi lake la kiongozi wa sarakasi. Hana misuli, haruki, hatoi moto mikononi. Ana kofia tu. Nimewasikia weee, na leo nasema wazi kwamba sikubaliani nao. Katika maadui wote niliowasoma, ni wachache wanaonitia baridi kama huyu.

Alitokea kwenye toleo la 3 la jarida la Hulk, Septemba 1962, kazi ya mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Kikundi chake cha wanasarakasi wezi, Circus of Crime, kinazunguka mji hadi mji. Watu wanakata tiketi, wanakaa na watoto wao, wanasubiri kufurahi. Kisha anaingia yeye, na kisahani kilicho mbele ya kofia kinaanza kuzunguka. Macho yote yanakifuata. Wote wanaduwaa, vinywa wazi, mikono imelegea. Hapo ndipo wasanii wake wanapoanza kupora. Hulk mwenyewe, jitu linalong'oa vifaru vya jeshi, alinaswa akageuzwa kivutio cha maonyesho.

Hebu fikiria. Jambazi wa benki huvunja mlango. Huyu anafunguliwa mlango, tena kwa kulipwa kiingilio. Anayeibiwa amevaa nguo zake nzuri na amemleta mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Kosa lake ni moja tu: alitazama pale alipoambiwa atazame.

Mwaka 1956, miaka sita tu kabla ya toleo lile, sarakasi kubwa ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey ilifanya onyesho lake la mwisho chini ya hema, Pittsburgh, ikahamia kwenye kumbi za ndani. Kwa miji midogo ya Marekani, hema lile lilikuwa sikukuu. Lee na Kirby waliichukua furaha hiyo wakampandikiza mwizi katikati yake. Kirby hakuwa mgeni wa wazo hilo: mwaka 1941, katika toleo la 5 la Captain America, alikuwa ameshashiriki kumchora Ringmaster mwingine, wakala wa Wanazi aliyejificha nyuma ya sarakasi.

Lakini hadithi inayonifanya nimtetee ni ya mwaka 1964, toleo la 16 la Spider-Man, lililochorwa na Steve Ditko. Ringmaster anatangaza kwamba Spider-Man atatumbuiza kwenye sarakasi yake, bila hata kumwomba. Spider-Man anakuja kweli. Kofia inazunguka, naye anaduwaa kama wengine, na nguvu zake zote sasa ziko chini ya amri ya mwizi. Kati ya watazamaji yumo wakili kipofu, Matt Murdock. Kisahani kinazunguka mbele ya uso wake na hakimfanyi kitu. Kila aliye jirani yake amekuwa kama gogo, yeye peke yake yu macho. Anavaa vazi la Daredevil, shujaa ambaye kwa siri ndiye yeye, anaingia ulingoni, na Spider-Man anaamriwa ampige.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi na bado nywele hunisimama. Hakuna aliyempa Murdock nguvu mpya ili ashinde. Hadithi imemtafuta adui ambaye silaha yake ni jicho la mtu mwingine, ikamkutanisha na mtu asiyeona. Adui dhaifu hawezi kuzaa hadithi iliyokaa sawa namna hiyo.

Wapo wanaosema hipnosisi, yaani kumduwaza mtu hadi afuate amri, haifanyi kazi hivyo, na ni kweli. James Braid, daktari wa Kiskoti wa karne ya 19, aliwakazisha wagonjwa wake macho kwenye kitu king'aavu mpaka macho yakachoka, na mgonjwa asiyetaka ni vigumu kumduwaza. Kofia ya Ringmaster ni mtambo wa kubuni. Sawa. Ila hata Spider-Man hangekuwepo bila buibui wa kubuni aliyemuuma akampa nguvu.

Ninachowalaumu waandishi waliofuata ni kumtumia kama ngoma ya kupigwa na kila shujaa apitaye. Tayari katika toleo la 22 la Spider-Man, mwaka 1965, watu wake mwenyewe wanamtupa na Clown, mchekeshaji wa kikundi, anashika uongozi. Kila mara tunamwona kutoka upande wa shujaa, kwa hiyo tunaona kofia ya kuchekesha.

Mimi natamani hadithi moja inayoanza kwenye viti. Safu ya tatu, mama anazinduka. Bisi zimemwagika mapajani, pete haipo kidoleni, mkoba uko wazi. Anageuka kumshika mwanawe, na mtoto bado ameikodolea macho ile kofia, anatabasamu.