Pini ya miaka 50 si majivuno
Mwandishi mmoja anadai kwamba tuzo ndani ya loji (matawi) za Frimasoni, chama cha kindugu, huzaa majivuno, wakati wanachama hufundishwa kuwa wote ni sawa. Sikubaliani naye. Hapa Ohio, Marekani, nilialikwa jirani yangu alipovishwa pini ya miaka 50 ya uanachama. Mkewe ndiye aliyemchomekea kwenye koti, vidole vikimtetemeka, na ukumbi mzima ukasimama. Majivuno yako wapi hapo? Kinachoniuma ni kwamba pini hiyo hupima muda tu: aliyelipa ada miaka yote bila kuonekana huipata sawa na yule anayepanga viti, kuosha vyombo na kuwatembelea wagonjwa. Huyu wa pili aitwe mbele mapema, angali na nguvu. Kwenye vyama vyenu, watu wa namna hii mnawatambuaje?