Mtoto Analia Tu, Daktari na Sindano Wanaingiaje?

"Nyamaza, daktari huyo anakuja kukuchoma sindano!" Maneno haya nimeyasikia kwenye daladala za Kiboroloni, kwenye foleni ya benki, hata kanisani. Mtoto wa miaka miwili analia, na mtu mzima asiyemjua anainama kumtishia. Halafu mtoto huyohuyo anapelekwa kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubela ya miezi 18, anaangua kilio tangu getini, na wote tunajifanya hatujui hofu hiyo imetoka wapi. Polisi naye hutajwa. Na yule Mmasai anayejipitia na fimbo yake, maskini, hana habari kwamba ameshaajiriwa kunyamazisha watoto wa mjini.

Mimi ni baba wa mtoto anayekaribia miaka mitatu, hapa Moshi. Naona tunakosea kusema kila mtoto anayegaragara chini amekosa adabu. Mtoto wa umri huu anaelewa mengi kuliko anayoweza kuyasema. Mwambie "kalete ndala za bibi, ziko chini ya kiti," ataenda na kuzileta. Lakini yeye akitaka kukueleza kwamba hakutaka mlango ufungwe na wewe, alitaka kuufunga yeye, anaanzia wapi? Watoto wengi huanza kuunga maneno mawili wakielekea miaka miwili, na kwa Kiswahili mara nyingi wanaruka vile viambishi vya mbele ya kitenzi: "taka hiyo," basi. Isitoshe, sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kujizuia, huendelea kukomaa mpaka mtu avuke miaka 20. Ukiwatazama vijana wa bodaboda pale stendi utaamini.

Majuzi sokoni Mbuyuni mke wangu alimmenyea mtoto ndizi mbivu. Kumbe alitaka kumenya yeye. "Nyewe! Nyewe!" Ndizi imeshamenywa, hairudi kwenye ganda. Akajitupa chini, miguu inapiga vumbi karibu kabisa na mafungu ya nyanya za watu. Mama muuza ndizi akasema mpeni nyingine anyamaze. Mzee mmoja akasema mchapeni, anawajaribu huyo. Mke wangu akachuchumaa, akamsogeza mbali na nyanya, akamwambia, "Ulitaka kumenya mwenyewe. Umekasirika." Hakuongeza neno. Mtoto alilia kweli, watu wakatutazama kweli, kisha kwikwi zikapungua, akaja kumlalia mama begani. Ndizi akaila ileile. Ya pili hakupewa.

Hilo la kutopewa ya pili nalisisitiza kwa sababu tunaambiwa tunadekeza. Hapana yetu ni hapana. Akiinua mkono kumpiga mwenzake, tunaushika. Analia anavyotaka, lakini kilio hakimnunulii kitu.

Sikubaliani pia na wazazi wa kisasa wanaomtolea mtoto mhadhara katikati ya kilio: kwa nini sokoni hatulali chini, wadudu, gharama za sabuni, hisia za wauzaji. Mtoto aliyepandwa na hasira hasikii hayo. Sentensi mbili fupi, kisha kaa karibu naye. Maongezi yapo jioni. Siku ile, mtori ukiwa jikoni, tulimsimulia: mama alimenya ndizi, wewe ukakasirika, ukalia sana. Akasikiliza kama anasimuliwa habari za mtu mwingine, halafu akadakia, "Menya nyewe! Lia!" Naamini lugha inakua hapo zaidi, mtoto anapoongea kisa chake mwenyewe akiwa ametulia. Kama bibi anamsimulia kwa Kimachame na nyinyi kwa Kiswahili, acheni asimulie. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote mbili. Ila akifika miaka miwili haungi maneno mawili, au akapoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke akaonwe, na masikio yapimwe. Hospitali ya KCMC si mbali.

Wazee wetu husema, "Sisi tulichapwa na tumekuwa watu." Ni kweli, tumekuwa watu. Watu ambao tukiudhiwa nyumbani tunanuna wiki nzima, au tunaenda kumalizia kwenye pombe ya mbege, kwa kuwa kusema "umeniumiza" hatukufundishwa. Na serikali yenyewe, katika ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka malezi yenye mwitikio, yaani kumsikiliza mtoto na kumjibu kwa upendo, sambamba na afya na lishe.

Lakini tuseme ukweli, wengi wetu mtoto hashindi na sisi. Anashinda na dada wa kazi. Ukimfokea dada asubuhi, mshahara wake ukauchelewesha, kisha ukategemea saa nane mchana awe na subira na mtoto anayelilia kikombe chekundu, unajidanganya. Sisi tulimweleza dada wetu tunachojaribu, naye akatuambia kipi kinawezekana na kipi hakiwezekani huku ugali uko jikoni. Siku hizi nikirudi, kabla sijavua viatu, ananipa taarifa ya vita vya mchana: leo ni soksi, jana ilikuwa kuku wa jirani aliyekataa kushikwa. Nikishajua hivyo, namwita mtoto, namuuliza habari za kuku.