Kikande na Matumbawe: Mdomo Utazamwe Kabla ya Rangi

Wengi tunaofuga matumbawe hufika siku tukamtamani samaki aitwaye kikande. Kila jicho lake huzunguka kivyake, naye huogelea kwa kupunga pezi la mgongoni na la chini huku mkia umetulia, na akishamzoea mwenye tangi humfuata kwenye kioo kutoka pembe hadi pembe. Hapo huulizwa kama kikande anaweza kuishi na matumbawe, na anayeuliza hutarajia jibu la ndiyo au hapana. Kwa maoni yangu jibu la namna hiyo halipo, kwa sababu ukoo huu una spishi zipatazo 40 ambazo hazili chakula kimoja. Anayetaka kikande katika tangi la matumbawe amchague kwa mdomo wake, rangi ije baadaye.

Vikande wa jenasi Xanthichthys wana mdomo ulioelekea juu kidogo na kidevu kilichotangulia mbele, kwa kuwa baharini hushinda juu ya mwamba wakidonoa planktoni, yaani viumbe vidogo sana vya majini, inayopita na mkondo. Balistoides conspicillum, yule mweusi mwenye mabaka makubwa meupe tumboni, na Balistapus undulatus mwenye michirizi ya rangi ya chungwa, wamejaliwa taya za kuvunjia makombe na magamba ya kaa. Wapo hata vikande wanaompulizia maji urchini, mnyama wa baharini mwenye umbo la duara na miiba mwili mzima, mpaka apinduke, wapate kumla upande wa chini ambako miiba ni mifupi. Samaki mwenye maarifa ya namna hiyo hawezi kuyasahau kwa sababu tu amezungukwa na vioo.

Niliwahi kumfuga Balistapus. Nilimchukua akiwa mdogo kama kidole, na aliyeniuzia akanihakikishia kwamba akilelewa pamoja na matumbawe tangu utotoni atayazoea. Miezi michache baadaye nilianza kukuta makombe ya konokono yamelala mchangani, matupu na yamemeguka kingo, kisha kaa nao wakaisha mmoja baada ya mwingine. Nyama ya matumbawe sikumwona akiila hata mara moja, na hili ndilo linalowapotosha wengi. Madhara yalipitia kwingine: konokono walipokwisha, mwani ukapanda juu ya mawe na kuanza kuyasonga matumbawe pembeni, na yeye mwenyewe akawa akiinua vipande nilivyokwisha kuvibandika kwa gundi ili atazame kilichojificha chini yake. Asubuhi moja nilimwona amebeba tawi la Acropora, tumbawe gumu lenye matawi, mdomoni, akaliacha lidondoke mchangani, kisha akarudi kuchukua jingine.

Kumtoa kulinigharimu nusu ya mpangilio wa mawe. Aliingia katika ufa na kusimamisha mwiba wa kwanza wa mgongoni, ambao ukishainuka hukazwa na mwiba wa pili ulio nyuma yake. Ukiusukuma wa kwanza hauteremki, mpaka ule wa pili ubonyezwe kwanza. Tangu siku hiyo simkamati kikande kwa wavu, maana mwiba hunasa katika nyuzi na samaki akaumia. Namwongoza taratibu aingie katika chombo cha plastiki.

Sasa ninao Xanthichthys auromarginatus wawili, dume mwenye koo la buluu na mapezi yenye kingo za manjano, na jike asiye na buluu hiyo. Hao nawapendekeza kwa moyo mweupe, ila kwa masharti. Nisingewaweka katika tangi la chini ya lita 500, na juu lazima pawe na kifuniko kwa sababu wakishtuka huruka. Hula vizuri mara 2 au 3 kwa siku, na chakula hicho chote huongeza nitrati na fosfeti ambazo matumbawe magumu hayazivumilii zikizidi, kwa hiyo kifaa cha kutoa uchafu kwa povu kiwe na nguvu kuliko kile ambacho tangi la ukubwa huo lingehitaji bila wao. Kamba na watangulie kuwekwa, vikande waje mwisho. Kamba anayedondoshwa majini mbele ya kikande mwenye njaa huonekana kuwa chakula.

Kuna kikande mwingine, Odonus niger, ambaye huwagawa wafugaji. Mdomo wake umeinuka na planktoni ndiyo riziki yake, lakini anaweza kufikia sentimita 50, nami simtaki katika tangi la nyumbani lenye matumbawe. Balistoides conspicillum, yule mwenye mabaka, hufikia urefu huohuo, na inaniuma kumwona akiuzwa akiwa na sentimita 5 kwa mtu ambaye tangi lake limejaa matumbawe na kamba. Anastahili tangi lake mwenyewe, kubwa, lenye mawe mazito na chakula kigumu cha kutafuna.

Kamba msafishaji niliyemtia kabla ya wale wawili bado yupo. Jioni dume husimama karibu naye, huinamisha kichwa na kufungua kinywa, na yule kamba hupanda juu ya taya na kuanza kazi yake.