Wezi Wawili, Mmoja Mnene

Mjomba alinipigia simu saa nne usiku akaniambia nivae nguo nyeusi. Sikumuuliza sababu. Ripoti iliyomkosesha usingizi nilikuwa nimemtumia mwenyewe, tena ikiwa na vigrafu vya rangi.

Kiwanda chenyewe ni cha maboksi, kipo Dar es Salaam kwenye ule ukanda wa viwanda wa Barabara ya Nyerere, na jina lake nalihifadhi kwa sababu Idi bado nakula pilau kwa hao watu. Babu alikianzisha, Mjomba anakiendesha, na Mama Mkubwa, dada yake Mjomba, ndiye mhasibu. Maana yake Mjomba ni mkurugenzi mpaka dada yake aingie ofisini.

Boksi unaliona jepesi, lakini lina safari. Rola la karatasi ya kaki, zito kuliko tani moja, linafungwa kwenye mashine. Karatasi ya katikati inalainishwa kwa mvuke, inabanwa kati ya magurudumu mawili ya chuma yenye meno, inatoka na mawimbi kama bati la nyumba. Vichwa vya mawimbi vinapakwa gundi, na gundi yenyewe si jambo la kutisha, ni wanga wa mahindi. Joto likipita nyuzi 60 na kitu linageuka uji mzito, karatasi ya juu na ya chini zinang'ang'ania hapo hapo. Ndiyo maana kiwanda chote kinanuka kama nyumba yenye mtoto mchanga. Baada ya hapo ni kukata, kuchapa, kupiga pini.

Safari yote hiyo ilikuwa inaongozwa na msumari. Mteja akiagiza, Mama Mkubwa anaandika kwenye kaunta buku, anachana kikaratasi, Mjomba anasaini, Fundi anakitundika kwenye msumari pembeni ya mashine. Kikaratasi cha juu ni kazi ya leo. Cha chini kabisa ni kazi ya mteja mpole. Feni ikikipeperusha, oda imekufa. Yalipotea hivyo maboksi 2,000 ya parachichi, yale ya kilo 4 ya kupeleka nje. Mteja kashuka na Fuso kutoka Njombe, Mama Mkubwa anamwonyesha kaunta buku kwamba oda ipo, Fundi anamwonyesha msumari kwamba haipo, na wote wawili wanasema kweli. Kikaratasi tulikuja kukiona kwa mama wa karanga pale getini, kimeviringishwa kuwa kifuko cha mia mbili. Kwa hiyo kilifanya kazi ya ufungashaji, ila kwa kampuni nyingine.

Hapo ndipo familia ilipokumbuka kwamba ina mtoto aliyesomea kompyuta.

Nikanunua vishikwambi vitatu, mfano wa vile walivyotembea navyo makarani wa sensa ya 2022. Nikaweka programu ya kufuatilia kazi: oda inaingia ofisini, Mjomba anaidhinisha kwenye simu yake, inatokea kwenye kishikwambi cha mashine, Fundi anajaza ameanza lini, amemaliza lini, ametoa maboksi mangapi, yameharibika mangapi. Mwisho wa mwezi programu yenyewe inakokotoa na mishahara. Msumari niliung'oa mbele ya wafanyakazi wote. Mmoja akapiga makofi. Fundi aliuokota akautia mfukoni.

Programu ilikuja kwa Kiingereza. Siku ya majaribio Fundi alijaza fomu ile ya Kiingereza, akaandika ameanza 08:00, bila kusita. Hilo lishikeni, tutalirudia.

Mimi nikaona hapana, wazee wetu hawawezi kuteswa na lugha ya watu. Nikajifungia siku mbili nikatafsiri kila kitufe. Penye muda wa kuanza nikaandika, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, "Umeanza saa ngapi?" Nilipomaliza nilijisikia kama nimealikwa kikao cha BAKITA.

Tatizo la kwanza tuliloliona lilikuwa vidole. Fundi ana miaka mingi kwenye gundi, na kidole chake kimekauka uji tabaka juu ya tabaka; ukikigonga mezani kinalia kama kijiko. Akibonyeza kioo, kioo kimya. Anabonyeza tena. Anakifuta kwa ovaroli, anabonyeza. "Hiki kidude kinanidharau," akasema. Mwishowe aligundua kwamba ncha ya pua haina gundi. Basi kila asubuhi unamwona mtu mzima, fundi mkuu, anakiinamia kishikwambi taratibu kama anakibusu, anaandika kwa pua. Wageni tuliwaambia ni teknolojia ya kutambua sura.

Kwa pua ile, mtu hawezi kuandika mengi. Fomu inamuuliza umeanza saa ngapi, anagonga 2. Programu, kwa adabu, inamalizia yenyewe: 02:00.

Mwezi wa kwanza ukaisha. Mama Mkubwa akafungua ukurasa wa mishahara, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii posho ya usiku ni ya nani?"

Ilikuwa ya kila mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri, na kila saa ya kazi humo inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Sheria hiyo niliiingiza kwenye programu mimi mwenyewe, kwa fahari. Sasa programu inasema watu 19 wameanza kazi 02:00 kila siku ya Mungu, kwa hiyo kila mmoja anadai saa nne za usiku kwa siku. Jumla ya mwezi, saa 1,900 na ushee.

Nikaulizwa kama programu inaweza kukosea. Nikajibu, na sentensi hii wamenikumbusha katika kila kikao cha ukoo tangu siku ile: "Mjomba, takwimu hazidanganyi."

Kadiri tulivyochimba, ndivyo kesi ilivyozidi kunoga. Idhini ya Mjomba inagongwa na saa ya simu yenyewe, na zote zilisoma kwenye saa moja na nusu, saa mbili kasorobo asubuhi. Kazi zilezile zimeanza 02:00. "Wananianzia kazi kabla sijaidhinisha!" Halafu ovataimu ya Fundi: ameingia 11, ametoka 1. Programu inahesabu kutoka 11:00 asubuhi mpaka 01:00 ya kesho yake, saa 14. Kwa mujibu wa ripoti, Fundi anatoka kiwandani saa saba usiku, na saa nane yupo tena mashineni.

"Ndiyo maana mchana anasinzia," Mjomba akanong'ona.

Hitimisho likawa wazi kwa sote watatu: usiku mashine zinawashwa kwa siri, watu wanachapa maboksi ya kuuza pembeni, kwa karatasi yetu. Na kama wanaingia, basi mlinzi wa getini ndiye anayewafungulia. Kwa hiyo mlinzi asiambiwe kitu. Hakuna aliyejiuliza boila ya mvuke inawashwaje bila mtaa mzima kuona moshi.

Turudi kwenye nguo nyeusi. Tuliingia kwa kile kimlango cha nyuma cha kutolea mabaki ya karatasi, ambacho Mjomba alikuwa na ufunguo wake ila hakuwa na kipimo chake. Nilimsukuma. Ndani, giza totoro. Mjomba alikuwa ameshapanga: tujifiche kwenye boksi la friji, moja kubwa la sampuli, tabaka mbili za mawimbi, linalokaa karibu na mashine. Tukaingia wote wawili, magoti kidevuni, tukajifunika.

"Sikia lilivyo imara," akanong'ona, akiligonga ukuta wake. "Nani mwingine mjini hapa anakutengenezea boksi kama hili?"

Mbu walikuwepo. Mjomba anatoa jasho hata Julai, na boksi, imara au si imara, ni wanga na karatasi. Likilowa linarudi kuwa uji. Kufika saa saba na nusu nilianza kusikia upande wake unalegea. Saa nane kamili, kimya. Saa nane na dakika tano, kimya. Saa nane na dakika kumi vumbi la karatasi likamwingia Mjomba puani, akapiga chafya moja iliyoanzia utosini, na upande mzima wa boksi ukafunguka akamwagika nje kama mzigo wa mitumba.

Tochi ikatumulika.

"Nani hapo?"

Sasa, mimi nimelelewa. Mtu mzima akikuuliza kitu gizani, mdomo unatangulia akili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu, hujam–" Kisha akashtuka. "WEZI!"

Filimbi ikalia. Walinzi wa viwanda vya jirani wakaitikia kwa filimbi zao, bodaboda wawili wakafika wakiwa na shauku ambayo sikuipenda. Mjomba, amelala chini kavaa kanzu nyeusi ya mkewe, vipande vya boksi vimemganda mgongoni, akajitutumua: "Mimi ndiye mwenye kiwanda hiki!"

"Mwenye kiwanda saa hizi amelala kwake Mbezi," mlinzi akasema. "Yule ana akili zake."

Alimulika mara ya pili, karibu zaidi, akamtambua. Akawatawanya wale wa bodaboda, jambo ambalo mpaka leo namshukuru. Lakini hakututoa. Akatukalisha kwenye benchi la kibanda chake, akafungua kaunta buku lake la getini, akalamba ncha ya kalamu. Utaratibu ni utaratibu, alisema. Tukio likitokea linaandikwa kwanza, hata liwe la bosi.

Nikasoma juu ya bega lake: *Saa 8:10 Usk. Wezi wawili, mmoja mnene. Wamekamatwa. Mwembamba ana adabu.*

Macho yakapanda mistari ya juu, ya jana yake, ya mwenzake wa zamu ya mchana. *Saa 1:50 Asb. Fundi ameingia. Saa 2:00 Asb. Mashine imewashwa. Saa 1:05 Usk. Fundi ametoka.* Nikatoa simu mfukoni, nikafungua ripoti yangu yenye vigrafu. Mashine imewashwa, 02:00. Fundi ametoka, 01:00.

Asb. Usk. Herufi tatu tatu. Programu yangu ya mamilioni haikuwa na herufi hizo.

"Mjomba," nikamwita polepole, "mtu akikuuliza kazini unaanza saa ngapi, unamjibuje?"

"Saa mbili. Swali gani hilo?"

"Na ukiambiwa uandike?"

"Naandika mbili, kwani niandike ngapi?" Akanyamaza. Nilimwona anahesabu kwa vidole, sita mbele, sita nyuma. Akanigeukia. "Kile cha Kiingereza Fundi aliandika nane."

"Ndiyo, Mjomba."

"Wewe ndiye uliyetafsiri."

"Ndiyo, Mjomba."

Ni hivi: kwenye fomu ya Kiingereza mtu anajua yuko ugenini, anaandika saa za ugenini. Mimi nikamkaribisha nyumbani, nikamuuliza kwa lugha ya mama yake umeanza saa ngapi, naye akanijibu kama anavyomjibu mama yake. Na kwa kuwa saa mbili mpaka saa kumi na moja ni saa tisa, na 08:00 mpaka 17:00 ni saa tisa vilevile, hesabu ya kutwa ilikaa sawa mwezi mzima bila kustua mtu, mpaka sheria ya usiku na ovataimu zilipoingia. Dawa yake ilinichukua dakika 20 kesho yake: niliondoa swali lote, nikaweka kitufe cha ANZA na cha MALIZA, saa inajazwa na kishikwambi chenyewe. Pua ya Fundi ikapumzika.

Mjomba alimwomba mlinzi auchane ule ukurasa. Mlinzi akakataa, kurasa za buku lile zina namba, na Mama Mkubwa hulikagua kila mwisho wa mwezi. Akaahidiwa elfu kumi. Akasema bosi, hata ukinipa elfu hamsini, dada yako anajua kuhesabu. (Na kweli alilikagua. Alisaini pembeni ya "mmoja mnene" na kuweka alama ya vema.)

Tukabaki pale kibandani tukisubiri adhana ya alfajiri, maana Mjomba hakutaka kurudi nyumbani na kanzu ile kabla mkewe hajaamka akaenda sokoni. Mlinzi akatumiminia kahawa. Ili kuua muda, na kwa sababu nilikuwa na hatia, nikamweleza kisa chote: vishikwambi, 02:00, Fundi asiyelala, na ile asilimia 5 iliyotutoa vitandani.

Alisikiliza vizuri. Akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo sheria inasema anayefanya kazi usiku anaongezewa."

"Kila saa," nikasema, kwa furaha ya kueleweka. Nilihisi kiatu cha Mjomba kinanikanyaga chini ya benchi, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

"Mimi nipo hapa getini mwaka wa 11 huu," mlinzi akasema. "Usiku tu. Mchana sijawahi."

Mjomba akafumba macho, akaanza kukoroma, usingizi uliomjia ghafla mno kwa mtu aliyekunywa vikombe vitatu vya kahawa.

Mlinzi akamtazama, akanigeukia, akashusha sauti. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye adabu. Hako kadude kenu kanaweza kuandika na miaka iliyopita?"