Siku Niliyozifanya Pembetatu Zote Duniani Kuwa Pacha

Sikulia. Tuanzie hapo, maana toleo la kisa changu lililowafikia linasema nililia ubaoni mbele ya darasa zima mpaka mwalimu akanipa kitambaa. Kitambaa kilikuwa cha kufutia ubao, na machozi yalikuwa ya chaki. Mengine aliyowaambia yule jamaa yangu wa dawati la nyuma ni kweli, ila kayapanga yanavyomfaa yeye. Kama ni kuchekwa, basi nichekwe kwa habari kamili.

Mwalimu wetu wa jiometri mnamjua kwa sifa. Siku ya kwanza ya muhula hakufundisha kitu. Aligawa karatasi moja yenye kichwa "Ninachotarajia kwako", akatwambia tusome kisha tutie sahihi. Mimi nilianza na sahihi. (Kusoma nimesoma leo. Ni karatasi nzuri sana, imeandikwa kama vile inanijua.) Ina mambo ya kawaida: uje na bikari, rula, kipimapembe na penseli iliyochongwa; kazi ya nyumbani ipo kila kipindi na ikichelewa haisahihishwi; uthibitisho uandikwe kwa safu mbili, kushoto unachodai, kulia sababu yake. "Inaonekana hivyo" si sababu. "Kila mtu anajua" si sababu. Halafu chini kabisa, peke yake, kwa herufi nene: Mchoro si shahidi. Michoro yote ichorwe kwa vifaa.

Sasa suala la vifaa. Bikari yangu skrubu imelegea. Ukianza duara na nusu kipenyo cha sentimita 4, unarudi ulikoanzia ukiwa na 6, umechora konokono. Kwa hiyo nilishazoea kuchora kwa mkono, na maduara nayazungushia kifuniko cha chupa. Na mkono wangu, bila kujisifu, ni mzuri. Hilo ndilo lililoniponza: michoro yangu inapendeza kiasi kwamba hata mimi mwenyewe naiamini.

Wiki iliyopita tulisoma pembetatu pacha, kwamba pande mbili zikiwa sawa basi na pembe mbili za kitakoni ni sawa. Mwalimu akatueleza kuwa hiyo ni kanuni ya 5 katika kitabu cha kwanza kati ya vile 13 vya Euclid, yule Mgiriki wa jiometri, vya mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, na kwamba huko Ulaya ya zamani iliitwa daraja la punda, inasemekana kwa sababu wanafunzi wengi walikuwa wakifika hapo wanagoma kuvuka. Mimi nilivuka. Nilivuka mkavu kabisa, nikapata alama zote, na nikaanza kutembea darasani kama mtu aliyewahi kuonana na Euclid ana kwa ana.

Ndipo ikaja kazi ya nyumbani. Swali lenyewe fupi: chora pembetatu yoyote ABC ambayo pande zake hazilingani, gawa pembe A nusu kwa nusu, kisha chora mstari unaoikata BC katikati kwa pembemraba. Mistari hiyo miwili inakutana wapi?

Watu wenye akili zao walichora, wakatazama, wakaandika jibu la mstari mmoja, wakalala. Mimi nilimwomba jamaa bikari yake, akasema kaisahau darasani. Likumbukeni hilo. Basi nikachora kwa mkono. Mistari ikakutana katikati ya pembetatu, mahali pazuri penye nafasi, nikapaita O. Kutazama tu, nikaona O imekaa vizuri mno. Nikasema hapa pana jambo.

(Wenye aleji ya hesabu rukeni aya hii, tutakutana kwenye aibu.) Kutoka O nikashusha mstari wa pembemraba hadi AB, ukaigusa pale E. Nikashusha mwingine hadi AC, ukaigusa pale F. Pembetatu AEO na AFO zina pembe mbili sawa na upande mmoja wanaochangia, kwa hiyo zinalingana kabisa: AE ni sawa na AF, OE ni sawa na OF. Halafu O ipo kwenye mstari unaoikata BC katikati, kwa hiyo OB ni sawa na OC. Basi zile pembetatu mbili za chini zenye pembemraba, OEB na OFC, nazo zinalingana, kwa hiyo EB ni sawa na FC. Sasa jumlisha. AE na EB ni AB. AF na FC ni AC. AB ni sawa na AC.

Soma tena swali. Pembetatu *yoyote*. Pande *hazilingani*.

Mtu mwenye busara hapa angehisi harufu ya kitu kuungua. Mimi nilihisi harufu ya umaarufu. Nikapiga picha ukurasa, nikamtumia jamaa: "Nadhani nimegundua kitu." Akakaa kimya kidogo, kisha akajibu: "Ndugu yangu, hii usiandike tu. Hii upeleke ubaoni." Leo kakiri kwamba tatizo aliliona tangu usiku ule. Eti hakutaka kunivunja moyo.

Asubuhi mwalimu akauliza nani ana jibu. Mkono wangu ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka yote: "Mwalimu, jibu ninalo, ila nina na zaidi ya jibu."

Nikaenda ubaoni. Nikachora kwa mkono, mchoro ukatoka mzuri kama kawaida yake. Nikapiga safu mbili, madai kushoto, sababu kulia. Mwalimu akarudi nyuma ya darasa, akakunja mikono, akawa anaitikia kwa kichwa kila mstari. AE ni sawa na AF; akaitikia. OB ni sawa na OC, akaitikia. Mnajua raha ya kuitikiwa na mtu mgumu vile? Nilianza kuandika kwa mbwembwe, herufi zinazidi kukua kadiri ninavyoshuka. Nilipofika AB = AC nikaipigia mistari miwili chini, nikaandika "Imethibitishwa", nikageuka.

Kimya. Mimi nikadhani ni kile kimya cha heshima.

"Umechora pembetatu gani?" mwalimu akauliza, kwa upole tu.

"Yoyote, Mwalimu."

"Yoyote?"

"Yoyote ile."

"Kwa hiyo kila pembetatu ni pembetatu pacha."

Wadau, mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa hapo. Ningeweza kusema "ngoja niangalie tena". Ningeweza kuzimia. Badala yake nilisema: "Ndiyo, Mwalimu. Inaonekana Euclid hakuliona hili."

Inaonekana. Nililitamka kwa sauti, na karatasi yenye sahihi yangu ikiwa imebandikwa ukutani, hatua mbili kutoka nilipo.

Kisha sauti ikatoka dawati la nyuma, sauti ninayoijua, imejaa udadisi wa kitoto: "Na tukianzia pembe B, je?" Nami, badala ya kunusa mtego, nikafurahi kwamba nimepata mfuasi. Nikamjibu kwa ukarimu kwamba ukianzia B, kwa njia ileile, unapata BA ni sawa na BC. "Kwa hiyo pande zote tatu ni sawa?" Ndiyo. "Kwa kila pembetatu duniani?" Ndiyo maana yake. "Hata ile ya 3, 4 na 5?"

Hapo ndipo nilipozisikia namba. Tatu. Nne. Tano. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikishikilia kwamba tatu, nne na tano ni namba moja. Damu ikapanda masikioni, nikayahisi yanavyowaka, la kulia kwanza.

Mwalimu hakucheka. Angecheka ningepona. Alikuja mbele taratibu, akafungua kabati, akatoa ile bikari kubwa ya mbao, yenye mpira mguu mmoja na chaki mguu wa pili, pamoja na rula ya mita. Akanikabidhi. "AB sentimita 60. AC 40. BC 50. Chora kwa vifaa."

Nikachora BC. Nikapiga tao la 60 kutoka B na la 40 kutoka C, nikapata A. Mpaka hapo salama. Nikaigawa pembe A. Nikaikata BC katikati, nikaanza kuishusha mistari yangu miwili nikisubiri ikutane mahali pake, pale katikati, pale penye nafasi.

Haikukutana. Mstari wa kwanza ukashuka kutoka A, ukapita katikati ya pembetatu bila hata kusalimia, ukaivuka BC sentimita 30 kutoka B. Wa pili uliivuka kwenye 25, kama ilivyotakiwa. Yaani tumeshafika kitakoni, pembetatu imekwisha, na mistari bado imeachana kwa sentimita 5. Darasa limenyamaza hivi kwamba nasikia chaki inavyokwaruza. Nikaendelea kushuka. Nikainama. Nikachuchumaa. Mistari ikaja kukutana sentimita 13 *chini* ya BC, nje kabisa ya pembetatu, karibu na kibao cha kuwekea chaki, nami nikiwa nimeipa darasa mgongo na magoti yakilia.

"Andika O," akasema mwalimu.

Nikaandika O. Ndogo.

"Endelea."

Kuendelea maana yake ni kushusha mistari ya pembemraba kutoka O, na nilipokuwa nimechuchumaa bikari haikai sawa. Nilijaribu kuikandamiza. Mguu wa mpira ukateleza kwenye ubao, nikaona kabisa unavyoteleza, nikawa na muda wa kutosha wa kuusikitikia. Ule wa chaki ukapaa, ukanigonga juu ya nyusi, chaki ikasagika, vumbi lote likaingia macho mawili. Nikafumba. Machozi yakaanza. Nikasikia mwalimu anasema "shika", nikapokea kitambaa, nikajifuta uso mzima kwa moyo wangu wote.

Kitambaa cha ubao, jamani. Nilichokuwa nimekitumia mwenyewe dakika chache nyuma.

Nilipogeuka nilikuwa mweupe kuanzia paji la uso hadi kidevu, macho mekundu, yanachuruzika. Hiyo ndiyo picha inayozunguka. Sasa mnajua.

Mwalimu ndiye aliyemalizia mchoro. E iliangukia ndani ya AB, sentimita 50 kutoka A, zikabaki 10 mpaka B. Lakini F haikuangukia ndani ya AC; ilibidi AC irefushwe kupita C, na F ikakaa sentimita 50 kutoka A na 10 kupita C. Akaandika pembeni: 60 ni 50 *kuongeza* 10. 40 ni 50 *kutoa* 10. Akazungushia hilo neno la pili. Kwa hiyo madai yangu yote ya kushoto yalikuwa kweli, AE ni sawa na AF, EB ni sawa na FC, kila kitu, mpaka ule mstari wa mwisho ambao nilijumlisha kwa sababu mchoro wangu mzuri ulinionyesha F ikiwa ndani. Ndiyo maana alikuwa anaitikia! Mtu anakuitikia mpaka ukingoni, halafu anakuacha.

Basi. Nimepewa alama 2 kati ya 10, zote za unadhifu. Jina langu sasa ni Pacha. Hata wa darasa la pili wananiita hivyo, sijui wamelipata wapi (najua). Kuna mtu kaandika kwenye dawati langu kwamba punda kavuka daraja kisha kaanguka ng'ambo. Nimejitahidi nichukie, nimeshindwa, ni sentensi nzuri. Na mwalimu kaongeza kazi kwa darasa zima: tuthibitishe kwamba O huangukia nje siku zote, tena kwenye mzingo wa duara linalopita A, B na C. Wenzangu wamenitazama kwa jicho nisilotaka kulieleza.

Wa kwanza kuwasilisha Ijumaa ni mimi. Kwa hiyo natafuta bikari ya kuazima, iwe inakaza, nitairudisha siku hiyohiyo. Wewe wa dawati la nyuma usijisumbue. Leo umeitoa kwenye mkoba kuhakiki mchoro wangu, kumbe haikuwa imelala darasani.