Dawa ya Kuzuia Moto kwenye Mbao: Inalinda Nini Hasa?

Wauzaji wa dawa ya kuzuia moto wana onyesho wanalolipenda. Vipande viwili vya mbao, kimoja kimepakwa dawa na kingine kitupu, vinapitishiwa moto wa gesi. Kitupu kinawaka, cha dawa kinaishia kuwa cheusi tu. Onyesho hilo si kiinimacho. Ila linajibu swali moja kati ya mawili ambayo mwenye jengo anapaswa kuuliza, na sehemu kubwa ya ubishi juu ya dawa hizi inatokana na kuyachanganya.

Aliyewahi kuona tanuri la mkaa anajua nusu ya habari yenyewe. Mbao zikipata joto hutoa maji kwanza. Joto likipita nyuzi 200 hivi za Selsiasi, zinaanza kuvunjika na kutoa gesi, na zikikaribia nyuzi 300 gesi hiyo hutoka kwa wingi. Miali tunayoiona ni gesi inayoungua ikikutana na hewa. Mchoma mkaa hufukia magogo kwa udongo ili hewa isiingie vya kutosha. Gesi inaondoka na moshi, mkaa unabaki.

Dawa nyingi za mbao zinafanya kazi kwa kuusogeza mchezo upande wa mkaa. Fosfati ya amonia, ambayo ni chumvi ya kemikali, ikipashwa joto hutoa asidi inayofanya mbao zigeuke mkaa na maji mapema, hivyo gesi ya kuwaka inapungua. Boraksi, chumvi nyingine, huyeyuka na kutanda juu kama kioo. Ziko pia rangi zinazoumuka zikipata joto na kuwa povu nene linalokinga mbao zilizo chini yake. Jambo lenyewe si geni: mwaka 1821 mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac alikwisha kuonyesha kwamba chumvi za amonia na boraksi huzuia vitambaa visishike moto.

Kwa hiyo swali la kwanza, je, ubao utashika na kueneza moto upesi, dawa inalijibu vizuri. Katika madaraja ya Ulaya ya namna vitu vinavyoshika moto, yanayoanzia A1 (kisichoungua) hadi F (kibaya zaidi), mbao za kawaida huwekwa D. Zikitiwa dawa ipasavyo zinaweza kufika B. Hiyo ni tofauti kubwa kwa dari au ukuta wa mbao kwenye njia ya kutokea, ambako dakika chache za mwanzo ndizo za kukimbilia.

Swali la pili ni muda gani nguzo au boriti itabeba mzigo moto ukishakolea. Hapa chumvi iliyoshindiliwa ndani ya mbao hainunui muda mwingi. Kinachoamua ni unene. Mbao laini za kujengea huliwa na moto kwa kama milimita 0.65 hadi 0.8 kwa dakika kila upande unaoungua, na mkaa unaojitengeneza juu unaukinga moyo wa ubao. Boriti ya milimita 200 ikiunguzwa pande mbili kwa saa nzima inabakiwa na zaidi ya nusu ya upana wake. Mbao ya mbili kwa nne kwenye kenchi, yenye unene wa milimita 50, inakuwa imekwisha kabla ya saa hiyo, na itavunjika mapema zaidi.

Ndiyo maana hoja ya wanaosema "jenga kwa mbao nene, achana na kemikali" ina uzito. Jengo la mbao la Mjøstårnet huko Norway, lenye ghorofa 18 na lililokamilika mwaka 2019, linategemea hesabu hiyo ya unene, pamoja na vinyunyizio vya maji. Mnara wa mbao na zege uliotangazwa mwaka 2021 kwa ajili ya Fumba, Zanzibar, nao utaulizwa hesabu hiyohiyo. Lakini hoja hiyo ni ya wenye fedha. Nyumba zetu nyingi zina kenchi nyembamba chini ya mabati, na huwezi kumwambia mtu anunue boriti mara nne ya anazozimudu.

Basi dawa kwa hao? Hapa nami nasita. Marekani, katika miaka ya 1980, mbao za tabaka (plywood) zilizotiwa dawa ziliwekwa kwenye mapaa ya majumba mengi. Joto la darini likaiamsha asidi ileile kabla ya moto wowote kutokea, zikadhoofika na kuanza kupasuka. Dawa zilirekebishwa baadaye, lakini anayeuza dawa ya kupaka chini ya mabati ya Tanga au Mombasa aulizwe kuhusu joto kwanza. Na zile mbao za rangi ya kijani madukani zilizotiwa dawa? Hiyo ni ya mchwa na kuoza, si ya moto. Nyingine zina aseniki, ambayo ni sumu, kwa hiyo vipande vyake visiende jikoni.

Makuti ndiyo kesi ngumu kuliko zote. Kuti ni jembamba, kavu, limezungukwa na hewa. Unene hausaidii kitu kwa sababu haupo. Kinadharia, hapa ndipo dawa inapostahili zaidi. Kivitendo, chumvi hizi huyeyuka kwenye maji, na masika moja inaweza kuzisafisha. Kwa hoteli ya makuti ningeweka fedha kwanza kwenye nafasi kati ya banda na banda, jiko lililotengwa, na maji yenye presha yanayofika juu ya paa. Dawa ije baada ya hapo, na muuzaji aonyeshe cheti cha kipimo kilichofanywa kwa makuti yaliyolowanishwa na kukaushwa mara kadhaa, si kwa kipande kilichopakwa jana.